Nani Humpa Mgeni Jembe? Wachina Katika Historia Yetu, Kutoka Pwani Hadi Ukanda wa Dhahabu



Methali isemayo "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe" imezoeleka kuwa onyo kwa mgeni mvivu. Mwalimu Nyerere aliitumia kwa maana hiyo mwaka 1962 katika andiko lake kuhusu misingi ya Ujamaa, na sisi walimu tuliifundisha hivyo kwa miaka mingi. Lakini hebu tukitazame kitenzi chake: "mpe". Anayetoa jembe ni mwenyeji. Jembe ni lake, shamba ni lake, na yeye ndiye aonyeshaye pa kuanzia na pa kuishia. Kabla ya kunena juu ya kazi, methali hii imekwisha kunena juu ya mamlaka.

Nimeichukua methali hiyo kama taa ya kumulika historia ambayo sisi wa Shinyanga, Kahama na Geita tunaiona kwa macho kila siku, nayo ni historia ya Wachina katika nchi yetu. Vijiweni mjadala huu huwa na pande mbili. Upande mmoja husema Wachina ni marafiki wa tangu enzi. Upande wa pili husema wamekuja kutunyang'anya riziki. Pande zote mbili huzungumza kana kwamba Mchina ni mtu mmoja aliyekuja mara moja. Ukweli ni kwamba amekuja mara nyingi, kila mara kwa masharti tofauti, na kila mara lugha yetu ilimpa jina jipya. Tukiyafuata majina hayo, tutaona jinsi alivyopokelewa na kwa nini.

Jina la kwanza lilikuwa la vyombo. Waarabu waliiita China kwa jina la Sini, na chombo cha kuandalia chakula kilichohusishwa na nchi hiyo wakakiita kwa neno ambalo kwetu limekuwa "sinia". Neno "chai" nalo asili yake ni Kichina, likatufikia kwa kupitia Uajemi na Bara Hindi. Basi mama wa Kahama anapomkaribisha mgeni kwa chai juu ya sinia, ameigusa China mara mbili bila kutamka jina lake. Huko pwani, vipande vya vyombo vya kauri vya Kichina vimefukuliwa Kilwa na Gedi, na katika makaburi ya kale ya Kunduchi mabakuli ya kauri yalipachikwa kwenye nguzo kuwa pambo. Wasomaji wa Al-Inkishafi wanakumbuka vidaka vya majumba ya Pate, vilivyokuwa makao ya sahani za fahari kabla ya kugeuka viota vya ndege.

Merikebu za Zheng He, amiri wa bahari wa ufalme wa Ming, zilifanya safari zake kati ya mwaka 1405 na 1433, na baadhi zilifika Mogadishu, Barawa na Malindi. Mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa mbele ya mfalme wa China. Kwa mamia ya miaka, basi, tuliijua China kwa kauri, nayo ikatujua kwa twiga. Watu wenyewe walikuja wachache, wakafanya biashara, wakaondoka na upepo wa msimu. Mgeni hakufikia siku ya tatu, na suala la jembe halikuzuka.

Jina la pili ni chungu: "kuli". Leo neno hili kwetu ni la mchukuzi wa bandarini, na Shafi Adam Shafi amelipa heshima ya kudumu kwa kulifanya jina la riwaya yake ya mwaka 1979. Lakini neno hilo limezunguka dunia. Lilitoka Bara Hindi likaenea katika himaya za Wazungu, na Wachina walipoliandika kwa hati zao walichagua alama mbili zenye sauti hiyohiyo na maana ya "nguvu chungu". Sidhani kama kuna mtunzi angeweza kuchagua vizuri zaidi.

Makuli wa Kichina walifika katika ardhi yetu. Mwaka 1892, wakati wa utawala wa Wajerumani, mamia kadhaa ya vibarua Wachina na Wajava waliletwa kupitia Singapore kufanya kazi katika mashamba ya Usambara. Mpango ule haukudumu. Tunachopaswa kukiona ni masharti yake: mgeni yule hakupewa hata zile siku mbili za ukaribisho. Alipewa jembe siku ya kwanza, na aliyempa hakuwa mwenyeji. Alikuwa mgeni mwingine aliyekwisha kuunyakua mpini. Msambaa na Mchina walikutana katika shamba ambalo hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na kauli juu yake.

Hapa ni lazima nitoke kidogo nje ya Tanganyika, kwa sababu ya dhahabu. Watu wa Geita wanafahamu jinsi habari za dhahabu zinavyowaita watu kutoka mbali. Katikati ya karne ya 19 habari za namna hiyo ziliwaita Wachina wa mikoa ya kusini hadi California na Australia. Hadi leo, kwa Kichina, jiji la San Francisco huitwa "Mlima wa Kale wa Dhahabu", na Melbourne iliwahi kuitwa "Mlima Mpya wa Dhahabu". Walipokelewaje huko? Jimbo la Victoria liliwatoza kodi ya kichwa ya pauni 10 kwa kila Mchina aliyeshuka melini kuanzia mwaka 1855. Mwaka 1861, mahali paitwapo Lambing Flat, wachimbaji Wazungu waliwavamia Wachina wakachoma mahema yao. Marekani ilitoza kodi wachimbaji wa kigeni, kisha mwaka 1882 ikatunga sheria ya kuwazuia kabisa vibarua wa Kichina kuingia.

Afrika Kusini ndiyo inayotuhusu zaidi. Baada ya vita vya Waingereza na Makaburu, wenye migodi ya dhahabu ya Transvaal walikosa vibarua wa kutosha kwa mishahara waliyokuwa tayari kuilipa. Kati ya mwaka 1904 na 1907 wakaleta Wachina zaidi ya 63,000 kwa mikataba ya miaka mitatu. Sheria iliyowaleta iliwazuia kufanya kazi za ufundi, iliwafungia kambini, na iliwalazimu kurudi kwao mkataba ulipokwisha. Huko Uingereza jambo hilo lilishutumiwa kuwa utumwa, likawa hoja kubwa katika uchaguzi wa mwaka 1906. Kufikia mwaka 1910 wa mwisho wao walikuwa wamerudishwa. Wachimbaji Wazungu waliwaogopa kwa kuwa walishusha bei ya jasho. Waafrika walitumiwa kama fimbo ya kuwatishia, nao wakatumiwa kama fimbo ya kuwatishia Waafrika. Mwenye mgodi ndiye aliyekuwa akicheka.

Nimeyaeleza haya ili tuone jambo moja. Katika migodi yote hiyo ya kale, Mchina alikuwa mtu wa chini, mwenye sululu na karai. Chuki aliyokutana nayo ilitoka kwa watu walioogopa kwamba atakubali ujira mdogo. Kwetu historia imegeuka, kama tutakavyoona, na ni hatari kuazima maneno ya chuki ya kwao tukayavika hali ya kwetu.

Jina la tatu ni la heshima: "mtaalamu", na pembeni yake "ndugu" na "rafiki". Sisi tuliokuwa shule za msingi mwanzoni mwa miaka ya 1970 tulilisikia jina hilo redioni karibu kila siku. Mwalimu Nyerere alizuru China Februari 1965, na Juni mwaka huohuo Waziri Mkuu Zhou Enlai akaja kwetu. Mwaka 1968 kiwanda cha nguo cha Urafiki kilifunguliwa Dar es Salaam, na kwa hakika sikumbuki kiwanda kingine kilichobeba nomino dhahania namna ile. Mataifa ya Magharibi yalipokataa kugharimia reli ya kutufikisha Zambia, China ilikubali kwa mkopo usio na riba. Mkataba ulisainiwa mwaka 1967, ujenzi ukaanza mwaka 1970, na reli yenye urefu wa kilomita 1,860 ikakabidhiwa rasmi Julai 1976. Wachina zaidi ya 60 walipoteza maisha katika kazi hiyo. Makaburi ya wataalamu yapo Gongo la Mboto, na maua huwekwa hapo mpaka leo.

Wataalamu wale walipokelewa vizuri, na sababu zake zinaonekana. Kwanza, waliitwa. Pili, walishika koleo pamoja na vibarua, jambo lililowashangaza watu waliozoea bosi wa kikoloni aliyesimama kivulini na kofia yake. Tatu, walikuja na kazi yenye mwisho unaojulikana, wakaimaliza wakaondoka. Waliishi kambini, wakilima mboga zao wenyewe, wala hawakufungua maduka mtaani. Mgeni yule alikuja na jembe lake, lakini mwenyeji ndiye aliyemwonyesha shamba. Gharama za ndani ya nchi zililipwa kwa mauzo ya bidhaa za Kichina katika maduka yetu. Usukumani tuliwafahamu Wachina kwa baiskeli ya Phoenix, iliyobeba pamba, maji, na bibi harusi, kabla ya kumwona Mchina mwenyewe uso kwa uso.

Wapenzi wa Kiswahili wasisahau kwamba wakati huo lugha yetu nayo ilisafiri. Redio Peking ilianza matangazo ya Kiswahili mwaka 1961, na Kiswahili kikafundishwa katika vyuo vya Beijing. Kijitabu chekundu cha Mwenyekiti Mao kilichapwa kwa Kiswahili. Miaka mingi baadaye, tamthilia ya televisheni iliyotafsiriwa kwa jina la "Dou Dou na Mama Wakwe Zake" ilizifanya familia zetu zicheke mbele ya runinga, maana ugomvi wa mke na mavyaa hauhitaji mkalimani. Mwaka 2013 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifungua Taasisi ya Confucius, na vijana wetu wakaanza kujifunza Kichina kwa wingi.

Sasa tufike nyumbani. Reli ya Uhuru haikupita kwetu, lakini ukoo wake umetufikia. Shirika la CCECC, lililozaliwa kutokana na idara ya reli ya China iliyoshughulikia misaada ya nje, ni mmoja wa wajenzi wa kipande cha reli ya kisasa cha Mwanza hadi Isaka, kilomita 341, kinachokatiza mkoa wa Shinyanga. Jiwe lake la msingi liliwekwa Juni 2021. Shirika hilohilo lilishiriki kujenga daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita tatu juu ya Ziwa, lililofunguliwa Juni 2025 na kuirahisisha safari ya Mwanza na Geita. Hawa bado tunawaita "wakandarasi", jina lililo jirani na "mtaalamu": wameitwa, wana mkataba, watamaliza.

Lakini katika ukanda wa dhahabu pana mgeni mwingine, na kwake lugha imetumia maneno mawili. Serikali na magazeti humwita "mwekezaji". Mtaani huitwa "Mchina" tu, na kivumishi "ya Kichina" kimeshuka thamani hadi kumaanisha kitu kisichodumu. Mgeni huyu hakuja kwa ndege ya serikali. Alikuja kwa nauli yake baada ya milango ya biashara kufunguliwa. Alinunua mbegu za pamba akakamua mafuta, akauza pampu na jenereta, akafunga makarasha ya kusagia mawe, akachenjua marudio ambayo wachimbaji wetu walikwisha kuyatupa.

Tuwe waangalifu na ukweli hapa. Migodi mikubwa si ya Wachina. Mgodi wa Geita ulioanza uzalishaji mwaka 2000 ni wa kampuni yenye asili ya Afrika Kusini na Ghana. Bulyanhulu, ambako wachimbaji wadogo waliondolewa mwaka 1996, na Buzwagi iliyofuata, imekuwa mikononi mwa kampuni za nchi za Magharibi. Wageni hao wako nyuma ya uzio mrefu. Mchimbaji mdogo huwaona kwa mbali, katika magari yenye vioo vilivyofungwa. Mchina yuko upande huu wa uzio. Amepanga nyumba mtaa uleule, ananunua nyanya soko lilelile, na karasha lake liko hatua chache kutoka kwenye duara la kijana wa Nyarugusu au Rwamgasa. Ndiyo maana yeye hupata lawama nyingi kuliko mwenye mgodi mkubwa, na ndiyo maana pia hupata marafiki wengi zaidi. Ujirani huleta yote mawili.

Na hapa ndipo historia ya Transvaal ilipogeuka. Kule Mchina alikuwa na sululu, na mwenye mgodi akawa na mtaji. Huku yeye ndiye mwenye kijiko cha kuchimbia na karasha, na mwenyeji ndiye anayeshuka shimoni kwa kamba. Siku ya tatu imefika, na mgeni ndiye anayempa mwenyeji jembe.

Sikilizeni lugha ya machimboni mtaona jambo hilo. Mgeni anayetoka moja kwa moja China huwa hajui Kiingereza, hivyo hujifunza Kiswahili kazini, na hilo ni jema. Tena kwetu hupata faraja ya pekee: wanafunzi wangu wa Kisukuma walinisumbua miaka yote kwa kubadilishana "r" na "l", basi Mchina anayesema "lafiki" hachekwi sana huku. Lakini Kiswahili chake huanza na neno "rafiki" na kuendelea kwa amri tupu: leta, beba, haraka, bado, hapana. "Naomba" na "tafadhali" huja baadaye, kama yakija. Mzee aliyezoea kuamkiwa kwa "mwangaluka" kabla ya neno lolote huona amedharauliwa, hali mgeni hana habari kwamba salamu ni deni. Katika nafasi hiyo wamezaliwa wakalimani, vijana wetu waliojifunza Kichina, na mara nyingi amani ya eneo zima la machimbo hutegemea ulimi wa kijana mmoja.

Lawama nyingine zina msingi. Nitoe mfano wa punda. Ngozi ya punda hutumika China kutengenezea dawa ya asili, na mjini Shinyanga palikuwa na machinjio ya punda yaliyohudumia soko hilo. Bei ikapanda, punda wakaibwa, na kina mama waliomtegemea punda kubeba maji na kuni wakarudi kubeba kichwani. Desemba 2021 Serikali ilipiga marufuku uchinjaji wa punda, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kuikomesha biashara hiyo ya ngozi barani kote. Twasema shukrani ya punda ni mateke, lakini mara hii aliyepigwa teke ni punda.

Hata hivyo, swali la methali halijajibiwa: nani alimpa mgeni mpini? Sheria ya Madini ya mwaka 2010 iko wazi kwamba leseni ndogo ya uchimbaji ni ya Mtanzania peke yake. Julai 2025 Serikali ikatoa amri inayowazuia wasio raia kufanya biashara 15, miongoni mwazo uchimbaji mdogo wa madini na ununuzi wa mazao shambani. Amri hiyo haikutaja taifa lolote, nayo ilitanguliwa na ile ya Januari 2011 iliyowapa wageni wachuuzi siku 30 za kuondoka masokoni. Na amri ya 2025 ina kifungu ambacho vijiwe havikisemi sana: Mtanzania anayemsaidia mgeni kuivunja naye ana adhabu yake, faini ya shilingi milioni tano au kifungo cha miezi mitatu.

Kifungu hicho kinatutazama usoni. Mgeni hawezi kuingia kwenye duara la mchimbaji mdogo bila Mtanzania kumfungulia. Yuko mwenye leseni aliyekodisha jina lake. Yuko kiongozi aliyegeuza uso. Wamelipwa, wakaondoka kwenda kujenga mjini, na kijana wa shimoni akabaki akimlaani mtu wa mbali ambaye hana hata lugha ya kujitetea. Palipo na ulaghai, mgeni na mwenyeji wameshirikiana. Kumtukana mmoja kwa sababu ya sura yake na kumwacha mwingine kwa sababu ni ndugu yetu ni kuidanganya historia.

Watunzi, kazi hii ni yetu kwa namna ya pekee. Maneno "mtaalamu", "mwekezaji" na "Mchina" hayakuanguka kutoka mbinguni. Watu waliyachagua, na kila moja huficha kitu. "Mwekezaji" huficha masharti. "Mchina" huwaficha watu kwa maelfu ndani ya kosa la mmoja: daktari aliyekuja na timu za matibabu, fundi wa reli, mpishi, mama mwenye duka, na mlaghai, wote chini ya neno moja. Sisi tulioitwa majina ya jumla na wakoloni tunajua uzito wake. Tunaweza kudai shamba letu kwa sauti kubwa na wakati huohuo tukamtaja kila mtu kwa kosa lake au kwa wema wake.

Nafunga kwa beti mbili za kwangu, nanyi mnijibu kwa zenu:

Mgeni abisha hodi, mpe kiti na salamu,
Siku mbili si zaidi, ale anywe kwa nidhamu,
Ya tatu, hapana budi, mpe jembe la kaumu,
Bali urithi wa jadi, shamba ni letu, fahamu.

Asitukanwe jinale, kosa la mtu mmoja,
Sheria iwe ni ile, kwa aliyepo na mja,
Mwenye kosa ndiye yule, wa kuitwa kwenye hoja,
Tukiyasema ya kale, tuyapime moja moja.